Mkato Kwenye Kisigino cha Kulia

Nilikuwa fundi wa katambuga pale sokoni Kwa Sadala kwa miaka mingi kabla mtu yeyote mwenye suti hajataka kujua ninavyofanya kazi yangu. Katambuga ni viatu vya tairi. Unachukua tairi la lori lililochoka, lile lenye nyuzi za nailoni kama una bahati, maana lenye waya linakula visu. Unachora umbo la mguu kwa chaki, unakata, unatoboa matundu, unapitisha kamba za mpira. Mkulima huzivaa shambani na kwenye tope mpaka azichoke yeye, zenyewe hazichoki.

Kazi hiyo nilifundishwa na mzee mmoja wa Kimasai aliyekuwa akiuza Bomang'ombe siku za soko. Pamoja na kushika kisu alinifundisha jambo moja dogo, na kwa sababu ya jambo hilo ninaandika haya. Soli ya katambuga kabla haijatiwa kamba, hasa ya mguu mpana wa mtu wa shamba, huwezi kujua upesi kama ni ya kulia au ya kushoto. Ukikata nyingi zikalala chungu moja, unapoteza asubuhi nzima kuzipatanisha. Kwa hiyo kila ya kulia niliitia mkato mmoja wa kisu kisiginoni, upande wa nje, mfupi kama nusu ya kidole. Kila ya kulia. Sikuwahi kuruka hata moja. Ukipita sokoni siku ya soko ukatazama nyayo kwenye vumbi, mkato wangu ulikuwa kila mahali, na hakuna aliyeuona kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja ya kuuona.

Miaka hiyo ya tisini wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wamekwisha kuruhusiwa. Zamani sote tulipeleka kahawa chama cha msingi cha ushirika, tukasubiri malipo. Sasa watu wenye pikapu na mizani yao walipanda mpaka uani kwako. Mmoja wao alikuwa kijana wa huku huku kwetu, upande wa Machame, aliyekuwa amejenga ghala la mabati juu kidogo ya barabara. Asubuhi moja ya masika alikutwa amekufa nyuma ya ghala hilo, kando ya mfongo, mfereji wetu wa maji unaoshuka kutoka mlimani. Alikuwa amepigwa kichwani.

Lilikuwa jambo kubwa. Redio ilitangaza. Magazeti yalikuja na picha ya ghala. Siku ya mazishi magari ya wakubwa yalijaa mpaka sisi tuliokuja kwa miguu tukapita migombani, na mkubwa mmoja alisimama mbele ya jeneza akaahidi kwamba muuaji atapatikana kabla udongo wa kaburi haujakauka. Watu walipiga makofi. Nilipiga na mimi. Simlaumu mtu kwa kuahidi mbele ya mama anayelia. Ninalaumu yaliyofanywa ili ahadi ile isionekane ya uongo.

Baada ya siku chache polisi walimkamata mkulima mmoja, mtu wa makamo, mwenye kihamba kidogo cha migomba na kahawa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Wiki ile ile ya mauaji alikuwa amegombana na marehemu mbele ya watu. Marehemu aliikataa kahawa yake, akasema haijakauka. Yule akamwaga gunia chini akasema, "Utaona." Neno hilo moja. Mimi mwenyewe nimeshawaambia hivyo watu wengi tu na wote wako hai.

Halafu walikuwa na alama ya kiatu. Kwenye tope la mfongo, hatua mbili kutoka pale alipolala marehemu, kulikuwa na alama nzuri ya mguu wa kulia. Waliimiminia jasi, ile ya kufungia mfupa uliovunjika, ikaganda, wakaondoka na umbo lake.

Askari kanzu wawili walinikuta nikiwa nakata. Mmoja alitoa katambuga mbili kwenye mfuko wa plastiki, wa rambo, akaziweka juu ya gogo langu.

"Fundi, hizi unazijua?"

Nilizigeuza. "Hizi ni kazi yangu."

"Una uhakika?"

"Mzee, mkono wangu nitaukosea? Tazama matundu yalivyonyooka."

Nilijisifu. Nakumbuka vizuri nilivyojisifu, na mpaka leo nikikumbuka uso unanichoma. Aliandika, akanisomea, nikaweka sahihi. Kwenye karatasi ile iliandikwa kwamba katambuga zile nilizitengeneza mimi. Hakuniambia kwamba zilitoka kwa yule mkulima, wala hakuniuliza nimetengeneza ngapi nyingine. Nami sikujua kwamba swali hilo lilikuwa na thamani ya roho ya mtu.

Mke wa mkulima alinijia siku tatu baadaye. Alisimama mbele ya meza yangu na kanga yake imefungwa kifuani kama mtu aliyetoka kubeba majani ya ng'ombe, na kweli alikuwa ametoka huko.

"Fundi, umesema nini polisi?"

"Mama, nimesema viatu ni vyangu. Nimevitengeneza."

"Basi wanasema umemtaja mume wangu."

"Sijamtaja mtu. Niliulizwa viatu."

"Viatu ndivyo vimemtaja," akasema. Hakupiga kelele. Aligeuka, akapanda na njia yake ya mlimani. Tangu siku hiyo watu wa kijiji chake walinunua malapa ya plastiki.

Mtu yule alikaa mahabusu miaka mitatu kabla kesi haijasikilizwa. Miaka mitatu bila hukumu yoyote! Mkewe alikamua ng'ombe peke yake, akapalilia peke yake, na kila mwezi alishuka Moshi na chungu kidogo cha mtori wa ndizi ambacho mara nyingine kilipokelewa na mara nyingine kilirudishwa.

Siku yangu ya ushahidi kule Moshi nilivaa koti nililofungia ndoa. Nilikuwa nimejipanga kueleza kazi yangu tangu mwanzo mpaka mwisho, maana nilidhani ndiyo sababu ya kuitwa. Shahidi haruhusiwi kuwasikia wenzake kabla yake, kwa hiyo nilikaa nje kwenye benchi tangu asubuhi. Nilipoingia, wakili wa serikali alinionyesha katambuga ya kulia, sasa ikiwa na kipande cha karatasi kilichofungwa kwa uzi.

"Hii uliitengeneza wewe?"

"Ndiyo mheshimiwa, lakini nataka kueleza kwamba mimi huwa..."

"Shahidi, jibu swali. Uliitengeneza wewe?"

"Ndiyo."

"Nimemaliza, mheshimiwa jaji."

Wakili wa utetezi alikuwa kijana aliyepangiwa kesi na mahakama. Alifunua faili kwa haraka kama mtu anayetafuta ukurasa wa wimbo wakati wenzake wamekwisha kuanza kuimba. Akasema hana swali. Nilikuwa nimesimama pale kizimbani muda usiotosha kuchemsha chai.

Nikaruhusiwa kukaa nyuma na kusikiliza. Ndipo akaingia mtaalamu kutoka Dar es Salaam.

Alikuwa mtu nadhifu, sauti yake ya upole, na alikuja na picha kubwa zilizobandikwa kwenye mbao. Upande mmoja alama ya tope, upande mwingine soli ya mshtakiwa. Alionyesha kwa fimbo nyembamba meno ya tairi jinsi yalivyolingana. Hilo halikunishangaza, tairi la aina moja lina meno ya aina moja. Kisha fimbo ikashuka kisiginoni.

"Hapa, mheshimiwa, kuna mkato. Ni jeraha ambalo kiatu kilipata katika kutumika, huenda kwa kukanyaga jiwe au bati. Jeraha kama hili hutokea kwa bahati. Haliwezi kujirudia mahali pale pale, kwa urefu ule ule, kwenye kiatu kingine. Kwa maoni yangu ya kitaalamu, alama ya kwenye tope iliachwa na kiatu hiki na si kingine chochote duniani."

Duniani! Mkato ule ulikuwa wangu. Niliukata kwa kisu kile kile ambacho wakati huo kilikuwa kimelala kwenye sanduku langu Kwa Sadala. Na kule nje, kwenye ngazi za mahakama, kulikuwa na wazee wa kijiji chetu waliokuja kusikiliza, na wawili kati yao walikuwa wamevaa mkato huo huo.

Nilisimama. "Mheshimiwa! Mkato huo ninaukata mimi! Kila kiatu cha kulia..."

"Kaa chini!" karani akasema.

"Mheshimiwa, naomba waangalie..."

Jaji aliinua macho kutoka kwenye maandishi yake. Hakuwa na hasira, alionekana amechoka. Alisema mtu atakayevuruga mahakama atalala ndani. Askari alinishika kwapa akanitoa. Nilimwambia askari yule, tukiwa kwenye korido, "Nakuomba, nenda nje ukatazame miguu ya wale wazee. Nenda tu ukatazame." Akaniambia, "Mzee, nenda nyumbani. Umeshamaliza ushahidi wako."

Nilimsubiri wakili kijana mlangoni mpaka alipotoka kwa chakula. Nilimweleza yote. Alinisikiliza, hilo nitamshukuru, lakini alitazama saa yake mara mbili.

"Shahidi wa upande wa mashtaka siwezi kumwita tena kirahisi," akasema. "Na ukisema sasa, watasema umehongwa na familia. Tuone. Kama ni rufaa, tutaliingiza kwenye rufaa."

Alisema rufaa kama mtu anavyosema wiki ijayo.

Wazee wa baraza walikuwa watatu, wale wanaokaa na jaji na kutoa maoni yao. Wawili walisema ana hatia. Wa tatu, mama mmoja mtu mzima, alisema hana, kwa sababu viatu kama vile kila mtu kwao anavyo. Jaji alimshukuru kwa maoni yake, kisha akasema sayansi haina upendeleo. Mshtakiwa alihukumiwa kunyongwa mpaka kufa. Mkewe hakulia. Aliinama akaokota kanga iliyomwanguka, akaikung'uta vumbi kwa makini sana, kama vile hiyo ndiyo kazi pekee iliyobaki duniani.

Nilikwenda kila mahali. Nilikwenda kwa mchungaji wangu, akaniombea. Nilikwenda kwa ofisa mmoja, akaniambia jambo likishaamuliwa na mahakama limeamuliwa. Nilimwandikia yule mtaalamu barua ya kurasa mbili, nikamchorea na mchoro wa soli, sikujibiwa. Rafiki yangu mmoja muuza ndizi, mtu mwenye akili, aliniambia, "Wewe fundi wa tairi unabishana na mtu wa maabara? Wamesomea." Hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Alisomea nini? Ningekuwa nimebisha juu ya damu au dawa, sawa, ningenyamaza. Lakini hiki kilikuwa kiatu changu. Kwa miaka yote ile hapakuwa na mtu Tanzania nzima aliyejua soli ile kuliko mimi, na nilitolewa kwa kushikwa kwapa.

Aliyenisikiliza mwishowe alikuwa wakili mwanamke wa mjini Moshi, aliyeipokea rufaa kwa kuombwa na akina mama wa parokia ya yule mke. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la vitambaa. Alinipa chai, akaniambia nianze tangu nilipolitoa tairi kwenye gari. Nilieleza, naye aliandika, na nilipofika kwenye mkato aliweka kalamu chini.

"Baba, rudia hapo."

Nikarudia.

"Kila cha kulia?"

"Kila cha kulia."

"Unaweza kuniletea vingine?"

"Vingapi?"

"Vingi," akasema. "Vya watu mbalimbali. Na kila mmoja akubali kusema alikinunua kwako, na lini."

Kazi hiyo ilinichukua kiangazi kizima. Nilitembea vijiji vya juu na vya chini nikiomba viatu vya kulia vya watu. Nilikwenda mpaka Chekereni kwenye majaruba ya mpunga, maana vibarua wa kule walinunua sana kwangu. Niliwatengenezea wote vipya badala yake. Wengine walicheka, wengine walinifukuza. Mzee mmoja anayegawa zamu za maji ya mfongo aliniambia, "Nikikupa changu, kesho watasema mimi ndiye niliyeua." Hofu hiyo haikuwa ya kijinga hata kidogo. Kwa sayansi ile, yeyote kati yetu angeweza kunyongwa. Lakini kesho yake asubuhi alikuja mwenyewe sokoni, peku mguu mmoja, akaniwekea katambuga mezani. "Andika jina langu," akasema. "Wakitaka waje."

Majaji watatu wa rufani walikaa Arusha. Kufikia siku hiyo mtu yule alikuwa amekaa miaka mingine minne katika sehemu ya gereza ambayo kila asubuhi mlango ukifunguliwa hujui umefunguliwa kwa ajili gani. Nilimwona akiletwa. Alikuwa na mvi kichwa kizima.

Wakili wetu aliomba ushahidi wangu upokelewe. Wakili wa serikali, si yule wa kwanza, alipinga asubuhi nzima. Alisema, "Waheshimiwa, shahidi huyu alikuwa kizimbani. Alikuwa na nafasi ya kusema. Kwa nini alinyamaza miaka yote hii?"

Nilimgeukia wakili wangu, nikanong'ona kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka barabarani: "Nilisema! Walinitoa nje!"

Jaji wa katikati alifungua kumbukumbu za kesi. Alitafuta ukurasa kwa ukurasa. Habari yangu haikuwamo. Kelele zangu, onyo la jaji, askari kunishika, hakuna hata mstari. Kwenye karatasi zao mimi nilikuwa mtu aliyesema "ndiyo" mara mbili akaenda zake. Nimefanyiwa mengi maishani, lakini kufutwa namna hiyo sikuwahi.

Hata hivyo waliniruhusu. Niliapishwa. Wakili wetu aliagiza lile gunia la viatu nilivyokusanya lifunguliwe, na viatu vya kulia vikawekwa mezani kimoja kimoja, kila kimoja na jina la mwenyewe. Vilinuka mavi ya ng'ombe na tope la mpunga. Jaji wa katikati alivaa miwani, akachukua kimoja, akageuza. Akachukua cha pili. Cha tatu. Alipofika cha tano akaacha kuokota, akanitazama.

"Mzee, kwa nini unaweka mkato huu?"

"Mheshimiwa, ili nisichanganye kulia na kushoto."

"Basi?"

"Basi, mheshimiwa. Hakuna kingine."

"Na kule Moshi hukuulizwa?"

"Niliulizwa kama nimekitengeneza mimi. Nikasema ndiyo."

Alivua miwani. Kisha jaji wa kushoto akaomba aletewe kile kielelezo cha awali, ile katambuga ya mshtakiwa, na akaiweka katikati ya zangu. Karani alipoambiwa aiondoe, alikaa akisoma vikaratasi kimoja baada ya kingine ili ajue ni ipi.

Hukumu ilisomwa wiki kadhaa baadaye. Walisema maoni ya mtaalamu hayakuwa na msingi, na bila hayo ushahidi uliobaki ni neno la hasira lililosemwa mchana mbele ya watu. Wakamwachia. Mkewe, ambaye hakulia siku ya hukumu ya kunyongwa, siku hiyo alilia mpaka akaketi chini sakafuni, na wakili wetu akaketi naye, na suti yake.

Watu walinipongeza. Sokoni walinibeba. Nilicheka nao, lakini nilirudi nyumbani na hasira ile ile, labda imeongezeka. Miaka saba! Mtu amerudi na mvi, kahawa yake imekwisha kung'olewa, ng'ombe ameuzwa, mtoto wake wa mwisho anamwita "mgeni." Na hakuna aliyekuja kusema samahani. Si kwake, si kwa mkewe. Yule mtaalamu wa fimbo nyembamba nilisikia amepanda cheo. Sisemi afungwe. Nilitaka tu apande huku siku moja, aketi kwenye kibao changu, nimwonyeshe ninavyokata.

Kisha alikuja mwanamke ambaye sote, katika furaha yetu, tulikuwa tumemsahau. Alikuwa mama wa marehemu. Alikuja sokoni asubuhi, mzee sasa, na fimbo, amevaa kitambaa cheusi kichwani.

"Shikamoo mama," nikasema, na nikasimama.

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi."

"Mmemtoa yule mtu."

"Ndiyo mama. Hakuwa yeye."

"Nimesikia hakuwa yeye. Nimekubali." Alikaa kwenye kibao bila kukaribishwa. "Miaka saba nililala nikijua aliyemuua mwanangu amefungwa. Sasa niambie. Aliyemuua yuko wapi?"

Nilikuwa nimefikiri juu ya mkato wangu kwa miaka minne, na swali hilo halikuwahi kunipitia kichwani. Lakini mama huyu alikuwa ameibiwa kama yule mkulima alivyoibiwa. Siku polisi walipopata kiatu, waliacha kutafuta. Yeyote aliyesimama kwenye mfongo ule alikwenda zake, akalima, akaoa, labda akanunua kwangu.

Niliifunga meza yangu mchana huo nikamsindikiza mpaka kituoni. Askari wa kaunta alikuwa kijana mpole. Aliingia ndani, akakaa sana, akatoka.

"Bibi, faili lile limefungwa."

"Lifungue," mama akasema.

"Siyo mimi ninayefungua, bibi."

"Basi andika kwamba nimekuja."

"Hatuandiki mtu aliyekuja kuuliza."

"Andika," akasema mama wa marehemu, na akaweka fimbo yake juu ya kaunta, akavuta benchi, akakaa. "Mimi sina haraka."

Tulikaa pale mpaka saa tisa alasiri. Watu waliingia na kutoka, mwenye kuibiwa kuku, mwenye kugongwa baiskeli. Mwishowe yule kijana alichukua daftari, akamwuliza jina lake, akaliandika taratibu, na mama akamwambia amsomee alichoandika.